Kuondoa Sauti ya Mashine katika Maandishi ya Kiswahili

Maandishi ya akili mnemba hutambulika upesi kuliko wanaoyatumia wanavyodhani. Sarufi yake mara nyingi haina kasoro kubwa, aya zimelingana urefu, kila hoja imefungwa kwa "hivyo basi ni muhimu", na msomaji akifika mwisho hakumbuki jambo hata moja. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, maandishi ya namna hiyo yameingia katika barua za kuomba kazi, risala za harusi, taarifa za vikundi vya kuweka na kukopa, makala za kilimo na hata salamu za rambirambi. Swali linalorudiwa na wengi ni lilelile: yafanyweje ili yasomeke kama yameandikwa na mtu?

Sauti ya mtu haipatikani kwa kupamba rasimu iliyokwisha andikwa. Hutokana na mambo mawili: habari alizonazo mwandishi ambazo mashine haina, na sikio lake la Kiswahili. Hatua zinazofuata ni za kuyaingiza hayo mawili katika kazi, moja kabla ya rasimu na jingine baada yake.

## Kabla ya kufungua programu

Kosa la kwanza hufanyika mwanzoni kabisa. Mtu huandika agizo la mstari mmoja, "niandikie makala kuhusu ufugaji wa kuku", kisha hushangaa kupata makala isiyo na mwenyewe. Mashine haiwezi kujua kama kuku hao ni wa Singida au wa Machakos, kama wanalishwa bandani au wanajitafutia uani, wala kama anayeandikiwa ameshafuga au ndiyo kwanza anaanza. Ikiombwa jambo la jumla hutoa jambo la jumla.

Kinachofaa kutangulia ni karatasi ya maelezo ghafi, aliyoyaandika mwandishi mwenyewe bila kujali mpangilio wala tahajia. Iwe na haya:

- msomaji ni nani hasa, anajua nini tayari, na andiko atalifanyia nini;
- jambo moja ambalo msomaji aondoke nalo, kwa sentensi moja;
- majina, bei, vipimo na tarehe: soko gani, mwezi gani, kiasi gani;
- maneno ya watu wenyewe, jinsi walivyoyasema;
- jambo ambalo mwandishi halikubali, au analitilia shaka.

Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Mashine hupenda kuridhisha kila upande: faida zipo, changamoto zipo, kila mtu achague kinachomfaa. Andiko linalosema waziwazi kwamba anayeanza asinunue vifaranga mia kwa mkupuo lina mtu nyuma yake, hata kama msomaji hakubaliani naye.

Huulizwa: kama maelezo yote hayo ataandika mtu, mashine ina faida gani? Faida ipo. Hupanga hoja zilizotawanyika, huonyesha pengo, hufupisha ripoti ndefu, na hutoa rasimu ambayo mwandishi anaweza kuikataa, na kukataa ni rahisi kuliko kuanza na karatasi tupu. Kwa andiko fupi, hata hivyo, faida hiyo haipo. Rambirambi haina sababu yoyote ya kupitia kwenye mashine. Sentensi tatu zinazotaja jambo alilolifanya marehemu zinatosha, na wafiwa watazikumbuka.

## Maagizo yanayosaidia

Agizo la "andika kama binadamu" ni bure. Mashine ikiambiwa hivyo huongeza "jamani", methali mbili na alama za mshangao, kisha huendelea kusema yaleyale. Yanayosaidia ni haya:

1. Iombwe mpango wa hoja tu, aya ziandikwe na mwandishi.
2. Iambiwe imuulize mwandishi maswali kuhusu mada, moja baada ya jingine, naye ayajibu jinsi anavyozungumza. Majibu yake ndiyo yawe rasimu.
3. Ipewe aya mbili tatu ambazo mwandishi aliziandika zamani, ziwe kielelezo cha sauti.
4. Ikatazwe: isiweke utangulizi, isiweke hitimisho, isibuni takwimu, jina wala methali.
5. Agizo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili. Agizo la Kiingereza linaloomba jibu la Kiswahili huelekea kuzaa Kiswahili cha kutafsiriwa.

Njia ya pili ni bora kuliko zote. Watu wengi wanaojiona hawajui kuandika husema vizuri sana wakiulizwa, na sentensi za majibu yao huwa tayari na mwendo wa mazungumzo. Ni rahisi pia kuifanya kwa simu, kwa kuongea badala ya kuandika.

## Maneno ya kufuta bila kujiuliza

Kuna mafungu ya maneno ambayo, yakiondolewa, andiko halipotezi chochote. Usomaji mmoja wa rasimu uwe wa kuyawinda hayo tu.

- "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi." Andiko lianzie pale mada inapoanzia, ambapo mara nyingi ni aya ya pili ya rasimu.
- "Ni muhimu kutambua kwamba", "ikumbukwe kwamba." Jambo lililo muhimu lisemwe, nalo litajulikana kuwa ni muhimu.
- "Ina jukumu muhimu katika", "ina nafasi kubwa katika." Hapa mashine imekwepa kusema kitu hicho kinafanya nini.
- "Si tu … bali pia." Ni Kiswahili halali, lakini rasimu ya mashine huyaweka maneno hayo karibu kila aya.
- Sifa zisizopimika: "ya kipekee", "bunifu", "endelevu", "jumuishi".
- Utatu wa mazoea: "kwa ufanisi, uadilifu na uwajibikaji". Mwenye habari hutaja viwili au vitano, kwa kadiri alivyonavyo.
- "Kwa kumalizia", pamoja na aya yote inayofuata.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayo hutumiwa na watu, tena wakubwa: hotuba za wageni rasmi na ripoti za miradi zimejaa hayo. Ni kweli, na huko ndiko mashine ilikoyapata. Hayakuwa na uzito huko pia.

## Kiingereza kilichojificha chini ya sentensi

Hapa ndipo penye kazi kubwa kwa anayeandika Kiswahili. Katika GPT-3, programu iliyotangulia ChatGPT na kutangazwa mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya maneno yaliyotumika kuifunza yalikuwa ya Kiingereza. Programu zilizokuja baadaye zinakijua Kiswahili vizuri zaidi, lakini mifupa ya sentensi bado mara nyingi ni ya Kiingereza hata pale kila neno linapokuwa la Kiswahili. Mhariri asiyejua anachotafuta huhisi tu kwamba kitu hakijakaa sawa.

Saa. Hili ndilo kosa lenye madhara ya haraka. Kikao cha saa mbili usiku kikiandikwa "saa 8:00 usiku", msomaji wa Kiswahili anasoma saa nane, usiku wa manane. Kila saa iliyomo katika tangazo, ratiba au mwaliko ihesabiwe upya na mtu.

Salamu. "Natumai barua hii inakukuta salama" haisemwi na mtu aliyelelewa na Kiswahili. Husemwa "natumai hujambo", "natumai u mzima wa afya", au mtu huingia moja kwa moja kwenye shida iliyomleta. Barua ya mashine pia humwita kila mtu "mpendwa". "Mpendwa Mkurugenzi" katika barua ya kuomba kazi inakaribia kuwa barua ya mapenzi.

Umiliki uliozidi. "Alinawa mikono yake, akavaa viatu vyake, akachukua mkoba wake." Mikono ya nani mwingine? "Alinawa, akavaa viatu, akachukua mkoba" inatosha.

Vitenzi vilivyogeuzwa majina. Rasimu hujaa "kufanya uamuzi", "kufanya ununuzi", "kutoa msaada kwa", "kufanyika kwa uboreshaji wa". Kiswahili kina vitenzi vyake: kuamua, kununua, kusaidia, kuboresha. Barabara iliyofanyiwa ukarabati ni barabara iliyokarabatiwa.

Kauli ya kutendea iliyosahaulika. "Alipika chakula kwa ajili ya wageni" ni sahihi, lakini msemaji wa Kiswahili husema "aliwapikia wageni". Vivyo hivyo, "alileta maji kwa mgonjwa" ni "alimletea mgonjwa maji". Kila "kwa ajili ya" katika rasimu itazamwe: nyingi zitayeyuka ndani ya kitenzi, na sentensi itapungua maneno mawili matatu.

Amba- kila mahali. "Mkulima ambaye alipanda mapema alipata mavuno ambayo yalimtosha" ni "mkulima aliyepanda mapema alipata mavuno ya kumtosha". Amba- ina kazi yake, hasa pamoja na -me- ("ambaye amefika") na katika umiliki ("ambaye mashamba yake"). Kwingine huelemea sentensi.

Mahali. "Ndani ya shamba lake" huwa ni "shambani kwake". "Katika soko" huwa ni "sokoni". Kiambishi -ni hakipendwi na mashine, labda kwa sababu lugha iliyoitawala haina kitu kama hicho.

Upatanisho wa viumbe. Katika aya ndefu kuku waliokuwa "hao" mwanzoni hugeuka "hizo" mwishoni. Ndege naye huleta shida yake, maana "ndege yule ametua" na "ndege ile imetua" ni habari mbili tofauti.

Misemo iliyohama na nguo zake. "Kufanya tofauti", "kufikiri nje ya boksi", "kuchukua hatua nyuma". "Mwisho wa siku" imeshazoeleka midomoni Nairobi na Dar es Salaam, hivyo uamuzi ni wa mwandishi. Nyingine zote zitupwe.

## Nyakati na mwendo wa sentensi

Mashine hupenda -li- na -na-, nazo huzirudia hadi masimulizi yanakuwa kama orodha ya mahudhurio: "Alifika. Aliingia. Alisalimia. Alikaa." Kiswahili husimulia kwa -ka-: alifika, akaingia, akasalimu, akaketi. Mazoea husemwa kwa hu-: wavuvi hutoka alfajiri. Mambo mawili kwa wakati mmoja hubebwa na -ki-: "wakati alipokuwa anatembea alimwona" ni "akitembea alimwona", au "alimwona akitembea", kutegemea aliyekuwa anatembea. Mhariri akibadilisha nyakati peke yake, bila kugusa neno jingine, nusu ya ugumu wa rasimu huondoka.

Viunganishi navyo vipunguzwe. Aya zinazoanza kwa "zaidi ya hayo", "aidha", "vilevile", "kwa upande mwingine" zimefungwa kwa kamba kwa sababu hazikuota pamoja. Njia ya kupima ni kufuta kiunganishi na kusoma. Aya ikisimama, hakikuhitajika. Ikianguka, tatizo ni mpangilio wa hoja, na neno moja haliwezi kuutibu.

## Mfano kwa karibu

Aya ifuatayo ni ya aina inayotoka kwenye mashine kwa agizo la mstari mmoja:

"Ufugaji wa kuku wa kienyeji una jukumu muhimu katika kuboresha maisha ya wakulima wadogo. Hata hivyo, magonjwa kama vile Newcastle yanaweza kusababisha hasara kubwa. Ni muhimu kwa wafugaji kuhakikisha kwamba wanatoa chanjo kwa kuku wao mara kwa mara ili kulinda afya yao na kuongeza tija."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini mfugaji akiimaliza hajui achanje nini, lini, wala vipi. Baada ya kurudi kwenye maelezo ghafi na kuandika upya:

"Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia bandani unaweza kumaliza kuku wote. Hauna dawa, una chanjo. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuzubaa na kuharisha kijani kibichi amechelewa, atengwe na wenzake. Kazi ya kuchanja ifanyike usiku kuku wakiwa wamelala, la sivyo mchana wote utaishia kuwakimbiza."

Jina la ugonjwa limekuwa lile wanalolitumia wafugaji. "Kuhakikisha kwamba wanatoa chanjo kwa" imekuwa "kuchanja". Sentensi ya pili ina maneno manne, ya tatu na ya tano ni ndefu, na hakuna aliyekaa kuzipanga hivyo; urefu umefuata uzito wa jambo. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya mfugaji aamini zile za juu, kwa kuwa haisemwi ila na mtu aliyewahi kukimbiza kuku. Aya pia imerefuka. Wanaodhani kuhariri ni kukata tu hushangaa hapa: maneno matupu yametoka, na habari zilizochukua nafasi yake zimehitaji nafasi kubwa zaidi.

## Kiswahili cha wapi?

Mashine huchanganya Kiswahili cha kila mahali ndani ya aya moja. Msomaji wa Tanzania akikutana na matatu na kaunti katika makala inayodai kuzungumzia Morogoro anajua mara moja kwamba mwandishi hakufika. Wa Kenya naye hujua hivyohivyo akisoma kuhusu daladala za Nakuru au mtendaji wa kata wa Kisumu. Mwandishi aamue mwanzoni anamwandikia msomaji wa wapi, kisha apite rasimu akitafuta majina ya vyakula, vyombo vya usafiri, vyeo vya serikali na ngazi za shule. Humo ndimo mchanganyiko hujificha.

Barua rasmi inahitaji uangalifu zaidi, maana ina desturi zake. Tanzania kichwa cha barua hutanguliwa na YAH, na barua nyingi bado hufunguliwa kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu". Kenya hutumika KUH au MINT. Mashine ikiachwa peke yake hutoa umbo la barua ya Kiingereza lililovalishwa maneno ya Kiswahili. Mwenye barua ya zamani iliyokubaliwa na ofisi hiyohiyo afuate umbo la hiyo.

## Makosa ya anayetaka kuficha tu

Wengine hawahariri, wanaficha. Mbinu zao zinajulikana, na huharibu kuliko zinavyosaidia.

- *Kubandika methali.* "Haba na haba hujaza kibaba" katika kila andiko la kuweka akiba haimshawishi mtu. Tena mashine hubuni methali: hutoa sentensi yenye vina na sauti ya wahenga ambayo hakuna mhenga aliyeisema. Methali ambayo mwandishi hajawahi kuisikia kwa masikio yake isiandikwe kabla ya kuulizwa kwa watu au kutafutwa katika vitabu vya methali.
- *Kupachika makosa makusudi.* Tahajia mbovu juu ya hoja tupu huacha hoja tupu yenye tahajia mbovu.
- *Kupitisha rasimu kwenye programu za kubadilisha maneno.* Hizi hubadili neno kwa kisawe chake bila kujali mahali: mwalimu wa darasa la kwanza anakuwa mkufunzi, na shule ya Mbeya inageuka skuli kana kwamba ipo Unguja.
- *Kumwaga lugha ya vijiweni.* Ikiwa mwandishi haizungumzi, itaonekana, na mashine huijua ile iliyokwisha kupitwa na wakati.
- *Kukata kila sentensi iwe fupi.* Msomaji huchoka. Hupumua vibaya. Kama hivi.

## Majina, tarehe na takwimu

Andiko linaweza kusikika vizuri kabisa na bado likawa la uongo. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili wa New York pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo. ChatGPT ilizibuni pamoja na dondoo zake. Hoja hizo zilisomeka kama hoja za kisheria, na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Kwa hiyo, kabla ya kung'arisha lugha, kila jina la mtu, taasisi, tarehe, namba na dondoo katika rasimu ipigiwe mstari. Iliyotoka kwenye maelezo ghafi ya mwandishi ibaki. Iliyoletwa na mashine itafutiwe chanzo kingine kisicho mashine. Isipopatikana, iondoke, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Istilahi zipitiwe namna hiyohiyo, maana mashine huunda maneno ya Kiswahili papo kwa papo. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA itasema kama neno lipo. Kama halipo na watu hawalisemi, jambo lielezwe kwa maneno ya kawaida.

## Vipi kuhusu programu za kugundua?

Wanafunzi na waombaji kazi huogopa programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, na wengine huhariri kwa lengo moja tu la kuzipita. Ni kazi ya kupoteza muda. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya aina hiyo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu saba za namna hiyo ziliziona insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa kazi ya mashine, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, ingawa ziliandikwa na watu. Kwa Mswahili anayeandika Kiingereza, hilo si jambo la mbali.

Kinga ya anayeshukiwa bila kosa ni ushahidi wa kazi yenyewe: maelezo ghafi, rasimu za awali zenye tarehe, historia ya mabadiliko ndani ya faili, na uwezo wa kuieleza kila aya kwa mdomo akiulizwa. Aliyefuata hatua zilizotangulia anavyo vyote hivyo bila jasho la ziada.

## Panapokatazwa

Shule, mashindano ya uandishi na baadhi ya ofisi hukataza msaada wa mashine, au hutaka utajwe. Kuhariri vizuri hakubadilishi sharti hilo. Insha ya mtihani iliyonyooshwa hadi ikasikika kama ya mwanafunzi bado si ya mwanafunzi. Sharti lisipoeleweka, mhusika aulize kabla ya kuwasilisha. Panaporuhusiwa, sentensi moja ya kutaja msaada uliotumika inatosha, bila maelezo marefu ya kujitetea.

Kiapo, ushahidi wa polisi na maelezo ya mgonjwa kwa daktari ni jambo jingine. Huko maneno ya mhusika mwenyewe, hata yakiwa na mikunjo, ndiyo yanayohitajika, na kuyanyoosha ni kuyaharibu.

## Mpangilio wa kazi

Anayehariri kila kitu kwa mkupuo mmoja huchoka kwenye ukurasa wa pili. Rasimu ipitiwe mara kadhaa, kila mara kwa kusudi moja, kwa mfuatano huu:

1. Ukweli: majina, namba, saa, dondoo.
2. Habari: kila aya iulizwe ina nini ambacho mtu yeyote asingeweza kukisema. Isiyo na kitu ijazwe kutoka maelezo ghafi au ifutwe.
3. Mpangilio: hoja nzito ije mapema, na aya zisilazimishwe kulingana urefu.
4. Sentensi: Kiingereza kilichojificha, nyakati, kauli ya kutendea.
5. Maneno ya kufuta.
6. Kusoma kwa sauti.

Kuanza na hatua ya tano, kama wengi wafanyavyo, ni kusafisha sentensi ambazo huenda zikatupwa zote katika hatua ya kwanza.

Kusoma kwa sauti kusiharakishwe. Kufanyike kwa sauti ya kusikika hasa, si kwa midomo tu, na ikiwezekana siku ya pili. Mahali ulimi unapokwama pawekwe alama bila kusimama. Kurekebisha katikati ya usomaji huvunja mwendo, na mwendo ndio unaopimwa. Mwenye aibu ya kujisomea anaweza kujirekodi kwenye simu na kusikiliza akiwa njiani. Sentensi ambayo mwandishi asingeweza kumwambia mtu anayemheshimu, uso kwa uso, bila kujisikia vibaya, iandikwe upya jinsi ambavyo angeisema.

Kwa andiko lenye uzito, kama barua ya kazi, risala au makala ya kuchapishwa, msomaji wa pili anafaa. Asiulizwe kama linasikika kama la mashine, kwa maana ataanza kuwinda dalili badala ya kusoma. Aulizwe amepata nini, na wapi aliruka mistari. Sehemu alizoruka zifutwe kwanza, andiko lisomwe tena bila hizo, na ni pale tu panapobaki pengo ndipo paandikwe kitu kipya.